Kupiga Hodi Kabla ya Kupiga Picha: Ushairi na Tukio la Mpito Ipogolo

Abiria aliyeondoka Dar es Salaam alfajiri, akapita Mikumi na kuupanda mlima wa Kitonga, hufika Ipogolo macho yake yakiwa yamekwisha choka kutazama. Mji wa Iringa uko juu kilimani. Ipogolo iko chini yake, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya na kuendelea hadi Zambia, jirani na Mto Ruaha Mdogo. Basi likisimama hapo, husimama kwa dakika chache tu. Mabeseni huinuliwa hadi madirishani, fedha na bidhaa hupishana hewani, na mara nyingi mazungumzo hayajamalizika gari linapoanza kuondoka. Siku hizi karibu kila dirisha hutoa pia mkono wenye simu. Picha hupigwa, uso mmoja wa mtu asiyejulikana jina huchukuliwa, ukapelekwa Mbeya, Tunduma au Unguja. Na ikiwa mwenye simu ni mshairi, usiku huo huikalia picha ile na kuanza kutunga.

Anatunga nini? Hili si swali la mzaha. Katika mashairi yanayoandikwa zama zetu, mtungo juu ya picha, au mtungo unaojaribu kufanya kazi ya picha, umekuwa jambo la kawaida. Mshairi hukusudia kuuzuia wakati usipite: tabasamu la mtoto, jua linapotua, mzee kizingitini, mama sokoni. Nia ni njema. Lakini mengi ya mashairi hayo yakisomwa mara ya pili huwa hayana kitu. Msomaji hugundua kwamba ameonyeshwa picha, hakupewa shairi; na picha yenyewe ingetosha bila ya shairi.

Pengine njia ya kulielewa tatizo hili ni kuanza na maneno. Kiswahili hakisemi kuchora kwa nuru wala kuandika kwa nuru. Husema kupiga picha. Kitenzi hiki kina watoto wengi: mtu hupiga magoti, hupiga chapa, hupiga ramli, hupiga simu, hupiga hodi. Katika baadhi ya matumizi hayo mna nguvu na ghafla. Katika mengine mna unyenyekevu. Tanzania Bara wamezoea kuiita picha isiyotembea picha ya mnato, yaani iliyonata, nao wazee wa zama za filamu walisema picha husafishwa: mtu alipigwa leo, akangoja siku kadhaa hadi sura yake isafishwe na fundi katika chumba cha giza. Katika miaka ya karibuni limeenea neno jingine, kunasa. Mshairi husema amenasa tukio, amenasa tabasamu, amenasa hisia. Neno hili ni la mwindaji. Kinachonaswa ni ndege kwenye ulimbo au digidigi kwenye mtego, na hakuna mnyama aliyewahi kunaswa kwa ridhaa yake. Atungaye shairi la picha na amchague mzazi wake wa kimaneno: atakuwa mwenye kunasa, au mwenye kusafisha, au mwenye kupiga hodi?

Isidhaniwe kwamba haja ya kuuzuia wakati ililetwa na kamera. Ufundi wa picha ulitangazwa Ufaransa mwaka 1839, na Muyaka bin Haji wa Mombasa, anayekadiriwa kufariki karibu na mwaka 1840, hakuihitaji kamera ili kuyashika mambo ya siku yake. Beti zake zilizaliwa na tukio: vita vya Mvita, njaa, mapenzi, masengenyo ya mji. Kabla yake, au karibu na zama zake, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alikwisha kuisimamisha Pate mbele ya macho ya msomaji wa Al-Inkishafi. Anayeusoma utenzi huo haoni magofu tu. Anaona vidaka vilivyopangwa vyombo vya fahari, kisha katika vidaka vile vile anaona makinda ya ndege. Mahali ni pamoja, wakati ni mbili. Kamera ingeweza kumwonyesha mtazamaji kidaka chenye sahani, au kidaka chenye kinda. Haingeweza kumwonyesha kinda na sahani iliyokuwapo. Hemedi bin Abdallah naye, katika utenzi wake juu ya vita vya Wadachi vya 1888 na 1889, aliandika kama shahidi. Hata hivyo ushahidi wake si wa jicho peke yake; una hukumu, una uchungu, una dua.

Hapo ndipo tofauti ya kwanza inapoonekana. Picha ina wakati mmoja, na shairi zuri lina angalau wakati mbili. Mshairi anayeielezea picha kwa kuorodhesha yaliyomo ndani yake ameiacha silaha yake na kuazima ya jirani, tena silaha ambayo jirani anaitumia vizuri zaidi.

Hata hao wapiga picha wa Pwani hawakuridhika na kuorodhesha. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, waliokwenda kupigwa picha hawakwenda kunaswa. Kwenda studio kulikuwa ni safari: mtu alichagua nguo, alichagua wa kukaa naye, alichagua namna ya kuuweka mkono. Uso uliotoka katika karatasi ulikuwa ni uso ambao mwenyewe alitaka uonekane. Kule Lamu, Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, alikata na kuunganisha picha kwa mkono hata zikawa na mambo ambayo jicho halikupata kuyaona. Kwa mafundi wa namna hii, picha ilikuwa ni utungo, na aliyepigwa alikuwa mtunzi mwenza. Ni ajabu basi kwamba mshairi, ambaye kazi yake ni kutunga, aridhike na picha ya kupora kupitia dirishani, isiyokuwa na makubaliano ya mtu yeyote.

Mfano utasaidia. Ubeti ufuatao haukutolewa katika diwani yoyote. Umetungwa kwa ajili ya mjadala huu tu, kwa mtindo ambao msomaji wa mashairi ya leo atautambua mara moja:

Ipogolo dirishani, nikamwona mama yule,
Na beseni mikononi, limejaa tele tele,
Mto nyuma u bondeni, watiririka milele,
Nikamtia simuni, nikanasa sura ile.

Mizani imetimia, nane kwa nane. Vina vimekaa. Mwalimu wa darasani hatakuwa na la kusahihisha. Lakini kuna nini ndani? Mama hana sura, ingawa mshairi anadai kuwa ameinasa. Beseni limejaa, lakini limejaa nini? Vitunguu, nyanya, mahindi ya kuchemsha? "Tele tele" imeletwa na kina, haikuletwa na jicho. Mto unatiririka milele kama inavyotiririka mito yote ya mashairi dhaifu, ijapokuwa Ruaha Mdogo, kama mito mingine, una msimu wa kujaa na msimu wa kupungua. Na katika mistari yote minne, anayetenda ni mmoja: nikamwona, nikamtia, nikanasa. Mama ametiwa simuni kama kitu kinavyotiwa mfukoni. Ubeti unajisifu kwa jambo ambalo ulipaswa kuliuliza.

Sasa utazamwe ubeti mwingine, nao wa mfano, wa tukio lile lile:

Ipogolo dirishani, mama alinitazama,
Chenji yangu mkononi, basi halikusimama,
Mbio hadi darajani, hakunifikia mama,
Picha ipo mfukoni, deni limebaki nyuma.

Huu si ubeti mkubwa, wala haukudai kuwa hivyo. Lakini mambo matatu yamebadilika. Kwanza, mama ndiye anayetazama, msafiri ameonwa. Pili, wakati umeingia: basi linaondoka, mama anakimbia, daraja linapita. Picha iliyopigwa dirishani haimo ndani ya ubeti isipokuwa katika mshororo wa mwisho, nayo imetajwa tu, haikuelezwa. Tatu, na ndilo kubwa, kuna deni, na msomaji hana hakika ni la nani. Kwa hesabu ya sokoni, mama ndiye mwenye fedha za watu mkononi. Kwa hesabu nyingine, msafiri ameondoka na sura ya mtu aliyemkimbilia kwa uaminifu, wala hakumlipa kitu kwa ajili ya sura hiyo. Ubeti wa kwanza ulikuwa na picha bila ya jambo. Wa pili una jambo, na picha imekuwa ushahidi wa jambo hilo.

Kuna watakaosema kwamba kosa ni la vina na mizani: kwamba tukio la ghafla haliwezi kukaa katika nyumba yenye vyumba vilivyokwisha kupimwa. Hoja hii ina umri wa nusu karne. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, alionyesha kwamba shairi la Kiswahili linaweza kuvaa nguo nyepesi, likasema jambo moja kwa mistari michache na kunyamaza. Hakika ufupi huo unafaa kwa tukio la mpito. Ila uhuru nao una mtego wake. Mshairi wa mistari huru akiwa mvivu, huporomosha majina matupu, moshi, lami, beseni, baridi, macho, akadhani kwamba kila neno ni picha na kwamba picha kumi ni shairi. Yule wa jadi alijaziwa mistari na vina. Huyu amejaziwa na nomino. Ugonjwa ni mmoja.

Na kwa upande wa jadi, sheria zenyewe zina hekima ambayo watungaji wa picha wangeweza kuitumia. Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri ya mwaka 1954, aliziweka kanuni za ushairi kwa maandishi. Na miongoni mwa mambo ambayo jadi imeyasisitiza ni utoshelezo wa ubeti, yaani kila ubeti uwe na maana kamili hata ukisimama peke yake. Ubeti wa namna hiyo ni mfano wa picha moja katika albamu: una mipaka yake, una mwanzo na mwisho wake. Lakini ushairi umeongeza kitu ambacho albamu haina, nacho ni kibwagizo. Mshororo unaorudi mwishoni mwa kila ubeti ni sawa na mtu anayeirudia picha ile ile mara kwa mara katika maisha yake: siku ya harusi, siku ya msiba, siku ya uzee. Karatasi haikubadilika, aliyebadilika ni mtazamaji. Mshairi akijua kazi yake, kibwagizo cha ubeti wa kwanza na kibwagizo cha ubeti wa mwisho huwa ni maneno yale yale yenye maana mbili. Kwa hiyo si kweli kwamba bahari ya jadi haiwezi kubeba tukio. Inaweza kulibeba, na pia kuonyesha linavyozeeka.

Kadhalika, mashairi yetu makubwa yamewahi kuwapo mahali ambapo picha haikuwezekana au haikutosha. Abdilatif Abdalla aliyatunga yaliyomo katika Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni Kenya baina ya 1969 na 1972, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za msalani. Hapakuwa na kamera chumbani mwake. Kulikuwa na kuta na kumbukumbu. Shaaban Robert, alipomlilia mkewe katika shairi la Amina, hakueleza urefu wa pua yake wala rangi ya macho yake. Alitumia taswira ya ua, kisha akaelekea kwenye dua. Msomaji hamjui Amina kwa sura, lakini anajua aliyefiwa alivyokosa usingizi wa moyo. Hilo ndilo lililo juu ya uwezo wa picha: kumwonyesha anayetazama pamoja na anayetazamwa.

Tena Ipogolo haiko mbali na mahali ambapo suala la kuchukua sura ya mtu limekuwa zito kuliko la simu na dirisha. Kama kilomita 15 kutoka mjini Iringa iko Kalenga, iliyokuwa makao ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Jeshi lake liliwashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Yeye mwenyewe alijiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe hai. Mkwawa hakuacha picha inayokubaliwa na wote kuwa ni yake. Kilichochukuliwa kwake si sura bali kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulitaja kurudishwa kwa fuvu lake, na tarehe 19 Juni 1954 Gavana Edward Twining alimkabidhi Chifu Adam Sapi fuvu lililotolewa katika makumbusho ya Bremen, lililochaguliwa kwa vipimo miongoni mwa mafuvu mengine. Wapo ambao hadi leo wanatilia shaka kama ndilo.

Kisa hiki ni mwisho kabisa wa njia ambayo mwanzo wake ni kunasa. Mtu anachukuliwa bila ya hiari, anapimwa, anawekwa rafuni, na wanaomtazama wanadhani wamemjua. Alipotokea mwandishi wa Kiswahili kumrudia Mkwawa, hakumrudia kwa vipimo. M. M. Mulokozi, katika tamthilia yake Mukwava wa Uhehe ya mwaka 1979, alimpa kinywa. Palipokosekana picha, alitia sauti; na sauti ina fadhila ambayo picha haina, kwamba inaweza kujibu. Si bahati tupu kwamba mwandishi huyo ni yule yule ambaye, pamoja na K. K. Kahigi, alitoa diwani ya Malenga wa Bara mwaka 1976. Jina la diwani hiyo liliwakumbusha watu wa Pwani kwamba bara si mandhari ya kutazamwa na malenga wa visiwani wakiwa safarini. Bara nalo lina malenga wake, wanaotazama.

Ukumbusho huo unawahusu wasomaji wa visiwani kwa namna ya pekee, kwa sababu wao wanaijua ladha ya upande wa pili. Mzee anayekaa barazani Mji Mkongwe amekwisha pigwa picha mara ngapi na wapita njia wasiomsalimu? Mwanamke aliyevaa buibui hugeuza uso kila anapoiona kamera ikielekezwa mlangoni mwake. Mlango wa nakshi, paka juu ya ngazi, mtoto anayejirusha baharini Forodhani: vyote hivi vimekwenda kuning'inia katika kuta za mbali, na waliomo ndani yake hawajui. Pwani ina methali mbili juu ya jambo hili. Ya kwanza husema macho hayana pazia, maana yake mwenye kutazama hazuiliki. Ya pili husema uso umeumbwa na haya. Aliye barazani huishi kati ya methali hizi mbili. Basi inakuwaje mwana wa baraza hiyo, apandapo basi la kwenda nyanda za juu, aikumbuke ya kwanza na kuisahau ya pili? Aliyekereka Forodhani huwa mkereketaji Ipogolo, kisha akaleta shairi lenye ukungu na mabeseni, na wenziwe wakalisifu kwa kuwa ni geni.

Dawa haihitaji kutafutwa mbali na Ipogolo kwenyewe. Wahehe, pamoja na jirani zao Wabena, husalimiana kwa neno "kamwene". Msomaji wa tenzi za kale, akilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza, hushtuka kidogo, kwani sikio lake linakutana na -wene, kitenzi ambacho washairi wa Lamu, Pate na Mvita walikitumia kwa maana ya kuwa ameona, na ambacho sasa kimebaki katika vitabu vya jadi na lahaja chache. Kinachoonekana kimekufa katika diwani kinasikika hai kando ya lami, kinywani mwa mwenye beseni. Na hapo si kitenzi cha kunasa. Ni salamu, na desturi ya salamu ni kuitikiwa. Asiyeitikia amekosa adabu, hata kama ameona kila kitu.

Shairi la picha linalofaa kuhifadhiwa ni lile lililopitia mlango huo. Si lazima mshairi amjue mama wa Ipogolo kwa jina, wala si lazima ashuke garini. Lakini shairi lake lazima lionyeshe kwamba aliyetazamwa naye alikuwa na macho, alikuwa na shughuli iliyokuwapo kabla basi halijafika na itakayoendelea likishaondoka. Lazima liwe na wakati wa pili, ule ambao haumo katika simu. Na lazima litaje kitu kwa jina lake: kama ni nyanya, ziwe nyanya, kama ni baridi ya Julai inayoufanya mkono uchelewe kuhesabu chenji, iwe hiyo, na si ubaridi wa jumla unaopatikana katika kila shairi la milimani. Mengine yote, vina au mistari huru, tarbia au beti mbili za haraka, ni hiari ya mtunzi.

Picha ya Ipogolo itabaki katika simu hadi simu iharibike. Shairi lina nafasi ya kuishi zaidi ya hapo, lakini kwa sharti moja. Mama yule, siku moja akisomewa na mwanawe aliyesoma skuli, asiulize, "Huyu alinipiga lini?" Aseme, "Ndiyo, nilimwona na mimi. Nilikuwa na chenji yake."